Mama Mswidi, Baba Mroma: Uchambuzi wa Kisa cha Katarina Taikon

Katarina Taikon, mwandishi na mtetezi wa haki, alikuwa na miaka 26 alipojifunza kusoma. Alizaliwa Uswidi, Julai 1932, katika kambi ya mjini Örebro. Mama yake, Agda Karlsson, alikuwa Mswidi wa Göteborg. Kiswidi alikizungumza tangu utotoni. Na nchi yenyewe ilikuwa imeziagiza parokia zote ziwe na shule tangu 1842, miaka 90 kabla hajazaliwa. Kwa hiyo habari hii haimhusu mgeni aliyeshuka melini akiwa mtu mzima, wala haihusu nchi maskini isiyo na madarasa. Kilichobaki kueleza ni upande wa pili wa nasaba yake: baba, Johan Taikon, alikuwa Mroma.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu tukisikia habari za mtoto wa asili mbili, wengi wetu tunakimbilia kuuliza moyo wake uko wapi. Anajiona nani? Anawapenda akina nani zaidi? Maswali hayo yana nafasi yake, ila naona huulizwa mapema mno. Kabla mtoto hajafikia umri wa kujiuliza lolote, watu wengine wameshamhesabia upande, tena kwa karatasi, kwa amri ya polisi na kwa orodha ya mwalimu. Katika maisha ya Taikon mambo hayo yanaonekana waziwazi, hatua kwa hatua, ndiyo maana yanafaa kuchambuliwa.

Kwanza, Waroma ni akina nani. Asili yao ni kaskazini mwa Bara Hindi, na lugha yao, Kiromani, ni jamaa ya Kihindi na Kipunjabi. Waliingia Ulaya karne nyingi zilizopita, na Stockholm wameandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1512. Waliofika zamani hizo walichanganyika na wenyeji, na wajukuu wao wakaja kuwa jamii ya Wasafiri, ambayo hadi leo inajitambua kivyake. Ukoo wa Taikon ni wa wimbi la baadaye, la mwishoni mwa karne ya 19: Wakalderash, watu wa shaba. Wanaume walifua vyombo, wakatengeneza masufuria na birika za mahoteli na kuzipaka bati upya ndani ili chakula kisidhuru, wakapiga fidla, wakaendesha bembea na michezo ya sherehe mijini. Johan alifanya karibu yote hayo. Alikuwa fundi wa shaba na fedha, na mpiga fidla.

Huyu ndiye mtu ambaye Agda alimpenda, akaacha kazi yake ya kuhudumu mgahawani, akaenda kuishi naye kambini.

Mama aliyevuka

Simulizi nyingi zinampita Agda haraka kwa sababu alikufa mapema, kwa kifua kikuu, Katarina akiwa bado mtoto mchanga. Mimi nataka tukae naye kidogo. Kwetu, mtoto kufuata ukoo wa baba ni jambo la kawaida, na msomaji wa pwani au wa bara hatashangaa kuambiwa kwamba watoto wa Johan walihesabiwa Waroma. Lakini kambini kilitokea zaidi ya hapo: mama naye alihesabiwa upya. Mwanamke wa Göteborg alipoingia kwenye hema la mumewe aliingia katika masharti yote yaliyolizunguka hema hilo. Kambi ilipoamriwa kuhama, naye alihama. Watoto wake walipokataliwa shule, Uswidi wa mama yao haukuwaombea nafasi hata kwa muhula mmoja.

Alizaa watoto wanne: Paul, Rosa, Paulina na Katarina. Ukiipima damu kwa kibaba, kila mmoja alikuwa nusu kwa nusu. Katika maisha ya kila siku nusu ya mama haikuwa na kazi yoyote. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka lionekane: uchotara wao haukuwapa nusu ya haki. Uliwapa zile zile za kambini.

Jinsi mlango ulivyofungwa

Ukitafuta sheria ya Uswidi ya miaka ya 1930 iliyoandika kwamba mtoto wa Kiroma asisome, huipati. Mlango ulifungwa kwa njia nyingine, na inafaa tuielewe vizuri maana njia hiyo inapatikana hata mahali ambapo hakuna Waroma.

Uswidi wakati huo usajili wa wakazi ulikuwa mikononi mwa kanisa. Mtu aliandikwa kwenye parokia anayokaa, na kutokana na maandishi hayo manispaa ikajua inawajibika kwa nani: nani apewe msaada akikosa kazi, mtoto gani aketi kwenye dawati gani. Waroma hawakuruhusiwa kukaa sehemu moja zaidi ya wiki chache. Polisi walifika, wakaonyesha barabara, kambi ikafungashwa. Sasa fikiria mkuu wa shule ya mahali hapo. Hana haja ya kumchukia mtu yeyote. Anafungua daftari, haoni jina, anasema mtoto huyu si wa manispaa yetu. Manispaa ya pili inasema vilevile. Mwaka unapita na mtoto ameonja wiki tatu za shule hapa, mbili kule, mara nyingi hakuna kabisa. Asiyesoma hapati kazi ya mshahara, asiye na mshahara hapangishiwi nyumba, asiye na nyumba yuko kwenye hema, na aliye kwenye hema atahamishwa mwezi ujao. Baadaye watu wazima wanaketi kwenye kikao na kusema kwa uhakika kwamba hawa wanapenda kuhamahama, ndiyo mila yao.

Miaka kumi ya kwanza ya Katarina ilipita ndani ya mzunguko huo, kwenye nchi ambayo theluji inalala miezi kadhaa. Kwa muda alilelewa nje ya familia, akaonja nyumba yenye kitanda chake mwenyewe, kisha baba akaja kumrudisha. Nyumbani alimkuta mama wa kambo, na mama huyo alikuwa akiwapiga watoto.

Wakati huohuo wataalamu walikuwa kazini. Mwaka 1922 serikali ilifungua mjini Uppsala taasisi ya utafiti wa rangi na nasaba za watu, ambako vichwa vilipimwa na picha zikapigwa. Sheria ya kuwafunga watu uzazi ilianza kutumika 1935, ikapanuliwa 1941, na ilidumu hadi katikati ya miaka ya 1970. Watu wapatao 63,000 walifungwa uzazi, na Wasafiri, ile jamii iliyochanganyika, walikuwa miongoni mwa waliolengwa. Vita vilipokuwa vinaendelea Ulaya, maofisa walifanya hesabu ya nchi nzima ili wajue hawa watu ni wangapi. Waroma waliopatikana hawakufika 500. Wasafiri walikuwa maelfu, na hao ndio waliowatia maofisa wasiwasi zaidi, kwa sababu walifanana na majirani zao. Mwaka 1944 mkuu wa taasisi ya Uppsala mwenyewe, Gunnar Dahlberg, alichapisha matokeo ya vipimo vyake kuhusu Wasafiri: kimaumbile hawakutofautiana na Waswidi wengine. Jamii nzima ilikuwa imetengwa kwa vizazi kwa hoja ya damu, na mpimaji wa serikali hakuiona damu hiyo. Kutengwa hakukukoma.

Katika Ujerumani ya Wanazi hofu hiyo ya mchanganyiko ilifika mwisho wake. Ofisi ya Robert Ritter huko Berlin ilichora nasaba za maelfu ya familia za Kiroma na Kisinti (jamaa zao wa Ujerumani) na kushikilia kwamba wengi wao ni machotara, na kwamba chotara ndiye hatari zaidi. Amri ya Himmler, mkuu wa polisi wa Wanazi, ya tarehe 16 Desemba 1942 iliwapeleka kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliofikishwa huko ni karibu 23,000, na wengi wao waliuawa. Katika miaka hiyo yote Uswidi, nchi isiyoshiriki vita, ilikuwa na marufuku ya Waroma kuingia. Marufuku hiyo iliwekwa 1914 na haikuondolewa hadi 1954. Katarina alikua upande salama wa bahari, na ndugu wa kabila lake walikuwa hawana ruhusa ya kuvuka kumfuata.

Ndoa, na kutoka

Kisa kingekuwa chepesi kama maumivu yote yangetoka nje ya kambi. Hayakutoka nje peke yake. Akiwa bado msichana mdogo Katarina aliozeshwa, kwa mpango wa wakubwa, kwa mwanamume aliyemzidi umri. Hakuvumilia; alitoka kwenye ndoa ile na kuanza kujitafutia maisha Stockholm.

Wapo wanaoutumia ukurasa huu wa maisha yake kusema: unaona, mila zao ndizo zilizomkwamisha. Mimi naukataa usomaji huo, na sababu yangu ni ya ushahidi. Msichana aliyeozeshwa mapema katika familia ya Kiswidi ya enzi hiyo angekuwa na mwalimu wa kumuulizia, mchungaji mwenye jina lake daftarini, labda na shangazi mjini. Katarina hakuwa na hata mmoja, maana wote hao walikuwa wameshakatwa kwake na ule utaratibu wa wiki chache. Jamii iliyozungushiwa ukuta hubana watu wake, na wanaobanwa zaidi ni wasichana. Ukuta ulijengwa na nani ni swali ambalo halipaswi kusahaulika kwa kuwa tu tumeona ubaya ulio ndani.

Vilevile sikubaliani na wanaoficha ukurasa huu kwa kuogopa kuwaaibisha Waroma. Taikon mwenyewe hakuuficha. Aliandika kuhusu kambi kama mtu anayewapenda watu wake na anayejua walichomfanyia.

Chuo cha watu wazima

Akiwa na miaka 26 alijiandikisha Birkagården, chuo cha watu wazima jijini Stockholm, na hapo ndipo aliposhika kusoma na kuandika sawasawa. Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya kukifahamu chuo cha aina hii: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975, vilifuata mfano wa vyuo hivi vya Uswidi, na Uswidi ikasaidia kuvianzisha. Ni chuo cha yule ambaye shule ilimpita. Hauulizwi cheti cha darasa la saba kwanza. Unaingia na ulichonacho, unasoma na watu wazima wenzako. Nikiangalia kisa hiki chote, naona mahali hapa ndipo mnyororo ulipokatika, kwa sababu chuo hakikudai anuani ya vizazi vitatu ili kumpokea mtu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1963 alitoa kitabu chake cha kwanza, simulizi ya maisha yake pamoja na mashtaka dhidi ya serikali, na Uswidi nzima ikaanza kubishana. Aliongoza maandamano, akadai nyumba na shule za watu wazima kwa Waroma wote, akazunguka kwenye mikutano akisema kwa hoja za bajeti na sheria. Desemba 1964, Martin Luther King alipofika Skandinavia kupokea Tuzo ya Nobel, Taikon alikutana naye Stockholm.

Hapa sasa ndipo lile swali la moyo linapostahili kuulizwa. Taikon angeweza kunyamaza. Kiswidi chake hakikuwa na kasoro, mama yake alikuwa Karlsson, mume wake wa baadaye, mpiga picha Björn Langhammer, hakuwa Mroma. Angeweza kuchukua jina la ukoo wa mumewe, akahamia mtaa mwingine, na watoto wake wakakua bila mtu kuwauliza lolote. Njia hiyo imefuatwa na wengi Ulaya, na siwalaumu. Mzazi anayeficha asili ili mwanawe asipigwe shuleni anafanya anachoweza. Yeye alifanya kinyume. Alibaki na jina la Taikon hadharani na kusema kwa niaba ya upande uliokuwa umenyimwa.

Je, hiyo inamaanisha alimkana mama? Sioni hivyo. Madai yake yote yalijengwa juu ya hoja kwamba Mroma wa Uswidi ni mtu wa Uswidi, anayestahili shule, nyumba na kodi ileile. Hakuomba kuhamishiwa upande wa mama yake. Alidai upande wa mama yake ufanye wajibu wake kwa watoto wote wa baba yake. Ndani ya dai hilo nusu zake mbili hazigombani.

Dada yake Rosa, mtoto wa mama na baba haohao, alifikia mahali pamoja kwa njia ya mikono. Alichukua ufundi wa baba, akaenda nao katika chuo cha sanaa cha Konstfack, akawa mmoja wa wafua fedha wanaoheshimika sana nchini, na kazi zake zikaingia kwenye makumbusho. Mapambo yake yana ule mtindo wa Kikalderash wa kuunganisha vipande vidogovidogo vya fedha, na aliufikisha kwenye vyumba ambako babu zake wasingepitishwa hata mlango wa jikoni. Naye alipigania Waroma waliofukuzwa nchini, hadi uzeeni. Alifariki 2017. Ukiwaweka dada hawa wawili pamoja, dhana ya mtoto wa asili mbili kama mtu aliyechanganyikiwa inakosa pa kukaa. Walijua vizuri wao ni nani. Waliohangaika ni wale waliokuwa wakitafuta safu ya kuwaandika.

Kuanzia 1969 Katarina aliwageukia watoto. Aliandika mfululizo wa vitabu 13 kuhusu msichana aitwaye Katitzi, uliokamilika 1980, akiyatumia maisha yake mwenyewe: kituo cha watoto, baba anayekuja kumchukua, hema, vipigo, shule inayokataa. Vilipendwa mno, vikageuzwa kuwa mfululizo wa televisheni. Watoto wa Kiswidi walioandamana na Katitzi barabarani walijua, wakiwa na miaka minane au tisa, jambo ambalo wabunge walikuwa wakilipinga: kwamba kuhama si hobi. Mwaka 1982 moyo wake ulisimama ghafla. Alinusurika kifo lakini hakupata tena hali yake, na alifariki mwishoni mwa Desemba 1995.

Daftari la Skåne

Ningeweza kuishia hapo kama habari ya Septemba 2013 isingetokea. Gazeti la Dagens Nyheter lilifichua kwamba polisi wa mkoa wa Skåne, kusini mwa Uswidi, walikuwa na daftari la Waroma lenye majina zaidi ya 4,000. Lilipangwa kama mti wa ukoo. Karibu 1,000 walikuwa watoto, wengine wadogo wa miaka miwili. Marehemu walikuwamo. Na walikuwamo watu wasio Waroma kabisa, walioandikwa kwa kuwa wameoa au wameolewa na Waroma.

Niliposoma hilo la mwisho nilimkumbuka Agda. Zaidi ya miaka 80 baada ya mhudumu wa Göteborg kuhesabiwa na kambi ya mumewe, kompyuta ya polisi ilikuwa inahesabu vilevile: asili ya Kiroma inaambukiza kwenda pande zote, kwa mke, kwa mkwe, kwa mtoto, na ya Kiswidi haihesabiki. Mtoto wa miaka miwili mwenye bibi Mroma mmoja na mababu watatu wa Kiswidi angefuatwa na ule mstari mmoja.

Serikali ililipa fidia ya kroni 5,000 kwa kila aliyeandikwa. Watu 11 hawakuridhika, kwa sababu malipo hayo hayakutamka kosa lenyewe. Wakisaidiwa na shirika la Civil Rights Defenders walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 mahakama ya Stockholm ikasema wazi kwamba waliandikwa kwa sababu ya kabila lao, ikawapa kila mmoja kroni 30,000. Rufaa ya serikali ilishindwa 2017. Naiona hukumu hiyo kuwa muhimu kuliko kiasi cha fedha: mahakama haikuridhika na maelezo ya serikali kwamba kulikuwa na sababu nyingine ya kuwaandika.

Kabla ya kesi hiyo, Machi 2014, serikali ilitoa ripoti kubwa ikikiri mateso ya karne ya 20: marufuku ya kuingia, shule, kufungwa uzazi. Mwanamke Mroma aliyealikwa kwenye hafla hiyo alizuiwa mlangoni mwa chumba cha kifungua kinywa hotelini, akiwa amevaa mavazi yake ya asili.

Kuna mabadiliko ambayo ni ya kweli na hayapaswi kupuuzwa. Mwaka 2000 Waroma walitambuliwa kisheria kuwa moja ya jamii tano za wachache za kitaifa zenye ulinzi Uswidi, na Kiromani kikawa lugha inayolindwa. Familia za Waswahili wanaoishi huko wanajua masomo ya lugha ya mama shuleni: mtoto anafundishwa Kiswahili kama ndicho kinachotumika nyumbani kila siku na wanafunzi wakifika watano. Kwa Kiromani masharti hayo yamelegezwa. Tangu 2015 mtoto wa shule ya msingi anaweza kuomba kufundishwa hata kama hajui neno moja na nyumbani hakisikiki, na hata akiwa peke yake. Mtoto wa mama Mswidi na baba Mroma aliyenyang'anywa lugha anaweza kuanza leo. Kinachokwamisha ni walimu. Kiromani cha Uswidi kina lahaja kadhaa, na kila moja inahitaji mtu aliyesomea ualimu. Watu wazima ambao wangekuwa walimu hao leo, au wazazi wao, ndio wale walioambiwa kwamba majina yao hayamo kwenye daftari la parokia.